Pikapu Iliyobinua Mkia

Mura, kijana wangu, ukiona pikapu tupu imesimama barabarani imebinua mkia kama mbuzi anayeharisha, usiisifu. Najua mnaisifu. Nakaa hapa kibarazani kwangu Manchira, nawasikia mkipita na pikipiki zenu: cheki hicho chuma, kimekaa juu, kimekaa kibabe. Kibabe kitu gani? Gari hilo linaumwa. Gari zima likiwa tupu huinua nyuma kidogo tu, kwa adabu. Ukilipakia linakaa sawa. Ukilizidishia linainama, na hapo linakuambia, bwana, imetosha. Sasa wewe unayelizuia lisiiname, umejiona fundi?

Mimi nimetengeneza springi tangu sina ndevu mpaka mgongo uliponigomea. Nasema springi, si kubandika stika na kubadilisha taa. Springi ya nyuma ya pikapu, kwa ninyi mnaojua kuendesha tu, ni pleti za chuma zilizolaliana, ndefu juu, fupi chini, zimebanwa pamoja na bolti moja katikati. Siku hizi mnakwenda Sirari, mnavuka mpaka kidogo upande wa pili Isebania, mnauziwa springi nzima imefungwa waya. Muuzaji anawaambia hii ni original, boss, nanyi mnaamini kwa sababu imepakwa rangi nyeusi. Rangi! Hata jeneza hupakwa rangi.

Aliyenifundisha ni Mzee Okech, Mjaluo aliyehamia Mugumu zamani na kuoa huko huko. Alikuwa anatengeneza Landrova za kambi za Robanda, zile zinazopigwa na barabara mchana kutwa zikitafuta simba wa kuonyesha wageni. Alikuwa na mdomo mchafu, Mungu amrehemu. Ukimuuliza jambo mara mbili alikujibu kwa Kijaluo, na usipojua Kijaluo ulishukuru. Lakini alijua chuma. Alikuwa anaining'iniza kila pleti kwa kamba, anaigonga na nyundo ndogo, anasikiliza. Pleti nzima inalia muda mrefu. Yenye ufa, hata ufa usioonekana kwa macho, inatoa sauti ya debe na kunyamaza. Aliyekuwa na haraka alifukuzwa karakana siku hiyo hiyo.

Pleti zilizochoka alizirudishia upinde zikiwa baridi, juu ya gogo la mti mgumu alilolichimba bonde katikati. Nyundo inatembea polepole kutoka kati kwenda ncha, haipigi mahali pamoja mara mbili. Na siri yake, ambayo nawapa bure na najua hamtaitumia: pleti fupi uipinde zaidi kuliko ndefu iliyo juu yake. Zikiwa zimelala huru zinaachana. Ukizikaza na bolti zinakumbatiana, ncha zinashikana, hata unyasi hupitishi. Ukipinda zote sawasawa umepanga vyuma tu, hujatengeneza springi.

Tulikuwa wanafunzi wawili, mimi na mwenzangu mmoja tuliyemwita Kanda. Kanda hakupenda nyundo. Alipenda moto. Siku moja Mzee ametoka, Kanda akaichoma pleti mpaka ikawa nyekundu, akaipinda vizuri kweli, upinde wa kupendeza, kisha akaitosa kwenye pipa la maji. Alipoinyanyua kuionyesha, ikamkatikia mkononi kama muhogo mkavu. Mzee Okech aliporudi hakumtukana, na hilo lilitushangaza wote. Aliviokota vile vipande, akavitazama, akamwambia, wewe utakuwa na wateja wengi kuliko mimi.

Ikawa hivyo hivyo. Dhahabu ilipopamba moto kule Nyamongo, watu wakaacha mahindi shambani yaliwe na nyani. Mwalimu akaacha chaki, kinyozi akaacha mkasi. Na sisi mafundi tukafuata, maana palipo na mawe pana magari ya kuvunjika. Mimi nikajenga kibanda changu cha mabati kando ya barabara, Kanda akajenga chake ng'ambo yangu, kikubwa zaidi, chenye mashine ya kuchomelea na redio ya kupigia watu kelele. Foleni ilikuwa kwake. Msidhani nilimwonea wivu. Nilimwonea kinyaa.

Niwaambie kwa nini foleni ilikuwa kwake. Mawe yenye dhahabu yalitoka mashimoni kwa njia za halali na zisizo za halali, na zile zisizo za halali zilikuwa na haraka zaidi. Mtu anaweka magunia ya mawe chini, juu anatandaza mikungu ya ndizi, anaelekea Tarime mjini na kwenda zake Sirari kwa wanunuzi. Kabla ya kuingia mjini palikuwa na kizuizi. Askari wa pale walikuwa wameshajanjaruka. Hawakutazama ndizi, walitazama springi. Gari linasema limebeba ndizi halafu limekalia matairi kama kuku aliyeatamia, ndizi gani hizo? Shusha.

Basi waheshimiwa wetu wa mawe wakataka springi zisizosema ukweli. Walitaka gari libebe tani na lisionyeshe. Kanda akawatengenezea. Alitoa pleti za pikapu akaweka pleti za lori, akazipanga zimenyooka kama mbao, akachomelea na welding pale bolti ilipomshinda. Ndiyo, alichomelea springi. Mwenye akili anajua kwamba chuma cha springi ukikichomelea umekiua pale pale. Lakini gari lilibinua mkia, na mteja akalipa huku anacheka.

Mmoja wa wachekaji hao alikuwa shemeji yangu Mwita, mume wa dada yangu Nyangi. Alikuwa na pikapu kuukuu ya bluu ambayo springi zake nilizirudishia upinde mwenyewe, kwa mkono, kwa njia ya Mzee Okech. Akaja kibandani, akataka nimfanyie kama wanavyofanyiwa wenzake. Nikamkatalia. Nikamweleza polepole, maana Mwita alikuwa mtu wa kuelezwa polepole, kwamba springi isipokunja, kitu kingine kitakunja: ama chesesi, ama mgongo wa mtu aliyekaa juu yake. Akaniambia nina wivu na riziki yake. Sikio la kufa halisikii dawa. Akavuka barabara.

Kanda akamng'olea pleti zangu zote akabakiza zile ndefu za juu tu, zenye masikio ya kufungia kwenye chesesi. Nilizozing'arisha kwa tupa asubuhi nzima akazikata, nyingine panga, nyingine patasi za kuchimbia mawe, akaziuza kwa wachimbaji. Nilipita nikaiona moja imening'inizwa mlangoni kwake ikiwa panga. Nikatema mate, nikaenda zangu.

Kuanzia hapo Mwita akawa anapita kizuizini na mzigo wake anawapungia askari mkono kama mgombea. Lakini kurudi! Kurudi hana mawe, gari ni tupu, na springi ya lori haiwezi kujua kama kuna mtu juu yake. Kila shimo linampiga aliyekaa kama fimbo ya mwalimu. Katekista wetu aliomba lifti mara moja tu. Alishuka katikati ya safari akasema ghafla amependa kutembea, na jua lilikuwa utosini. Nyangi alipanda kwa sababu hakuwa na la kufanya, alikuwa mkewe. Alikuwa na mimba ya pili. Nikimuuliza mgongo anasema hajambo, kaka.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mlipokuwa mnapasubiri, na mimi sicheki tena.

Asubuhi moja ya siku ya mnada, magari yote yamekwenda mnadani na basi limeshapita, mama mkunga wa kijiji alikuja mbio kibandani kwangu. Nyangi alikuwa ameanza kutokwa na damu. Mtoto amelala kingama, akasema, hatoki kwa njia ya kawaida, huyu afike hospitali Tarime akapasuliwe leo hii. Gari la zahanati lilikuwa limekwenda Musoma. Imebaki pikapu ya Mwita. Kisha akanishika mkono, mama yule, akaniambia neno moja: asitikiswe. Akitikiswa damu itafunguka, nami sina cha kuizuia.

Nilikimbia. Pikapu ilikuwa uani kwa Mwita, tupu, mkia juu. Nililala chini yake nikaangalia kazi ya Kanda, nikawaza haraka. Niondoe pleti za lori? Zikiondoka zinabaki zile ndefu peke yake, zitakatika kabla ya mto wa kwanza. Nitafute pleti nyingine? Zangu zilikuwa zimeshakuwa mapanga, ziko viunoni mwa watu. Kuzifungua tu zile zilizochomelewa ni kazi ya mpaka jioni. Ndani nilimsikia dada yangu akiguna, sauti ya mtu anayejizuia. Niliogopa, sioni aibu kusema. Niliogopa sana.

Halafu macho yangu yakaenda nyuma ya nyumba. Pale chini ya turubai palikuwa na magunia ya mawe ya Mwita, mzigo wa wiki nzima, unasubiri ndizi. Nikaelewa. Springi ile ilitengenezwa kwa ajili ya uzito ule. Bila uzito ni gogo. Ipe uzito wake, itakunja, itatembea kama gari la Mkristo. Nikamwambia Mwita tupakie mawe, tuyapange sawasawa juu ya ekseli, tuweke godoro juu yake, Nyangi alale.

Mwita akanitazama kana kwamba nimemwambia apakie ng'ombe za baba yake. Akasema hana ndizi za kufunika. Akasema kizuizini watayakuta, watayachukua. Akasema ataendesha taratibu, atakwepa mashimo yote. Atakwepa mashimo! Barabara ile ukikwepa shimo unaingia kwenye lingine lililokuwa linakungoja. Tukaanza kubishana pale pale, wanaume wawili wazima, mwanamke anavuja damu ndani. Mama mkunga akatoka akatuambia mficha uchi hazai, kisha akarudi ndani, na safari hii akatoka anamkokota Nyangi begani. Dada yangu hakunitazama mimi. Alimtazama mumewe.

"Pakieni mawe," alisema.

Tukapakia. Majirani walisaidia. Gunia baada ya gunia nikaona mkia ule unashuka, unashuka, mpaka pikapu ikakaa sawa juu ya matairi kama nilivyoiacha mimi zamani. Tukaweka godoro, tukamlaza Nyangi, mimi na mama mkunga tukakaa ubavuni kwake. Mwita akashika usukani. Na gari likaenda, mura. Lilitembea vizuri, lilipanda na kushuka kwa upole, mashimo yalipita chini yetu kama hayatuhusu. Nimefanya kazi nyingi nikazisifu, ile sikuifanya mimi, lakini niliishukuru. Damu iliendelea polepole, haikufunguka.

Tulipokaribia kizuizi Mwita alipunguza mwendo mno, hata nikadhani anataka kugeuza. Askari wa zamu alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Alitusalimia, akatazama springi, kama kawaida yao. Akaona gari limekaa. Akaja nyuma, akatia mkono guniani chini ya godoro, akatoa jiwe. Akasema mzigo ushuke, wote, pale pale. Mwita alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, haangalii nyuma. Nikafungua mdomo nimweleze askari habari ya springi, nikajiona ninababaika. Nyangi akanyanyua kichwa.

"Afande, shikamoo. Mawe haya ni ya mume wangu na ni ya wizi," alisema. "Ukiyashusha hapa gari litaanza kuruka, na mimi nitakufa njiani na mwanangu. Nifikishe kwanza. Ukishanifikisha, yachukue yote."

Askari alimtazama mama mkunga, mama mkunga akatikisa kichwa kukubali. Akaona na kitenge kilivyolowa. Alirudisha jiwe mahali pake, akapanda nyuma, akakaa juu ya magunia, akagonga paa la gari. Hivyo ndivyo Mwita alivyoyapeleka mawe yake mjini, taratibu, kwa heshima, na askari juu.

Hospitali walimpokea Nyangi haraka, wakaingia naye, mama mkunga nyuma yao. Tukabaki nje kwenye gari, sisi watatu. Yule askari alikuwa mtu wa haki. Alimwambia Mwita, wewe baki na mkeo, shemeji yako ataliendesha gari mpaka kituoni, mzigo utashushwa huko, na wewe tutakuita kesho, jina lako tunalo. Nilikwishanyoosha mkono kuchukua ufunguo. Mwita akaufumba kiganjani. Akasema hapana, mzigo ni wake, ataufuata, labda mkubwa wa kituo atamsikiliza. Akaingia garini. Nilisimama pale nikaiona pikapu inatoka getini, imekaa sawa, inaenda vizuri kabisa.

Haikupita muda daktari akatoka, glavu mkononi. Damu inahitajika, akasema, mume wake yuko wapi?

"Amefuata mawe," nilimwambia, nikakunja mkono wa shati langu mwenyewe.

Walinipima, wakaitoa. Nyangi akapona, mtoto akapona, msichana mwenye mapafu ya kupigia king'ora. Mwita alirudi jioni, macho mekundu, akanikuta nje ya wodi. Jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba wameyachukua yote. La pili ndipo alipoulizia mkewe. Nilimjibu lile la pili tu.

Nyangi alipotoka hospitali alikwenda kwa wazazi wetu. Mwita akaja kumfuata na wazee wake, kama desturi ilivyo. Kwetu Wakurya mke akirudi kwao hasombwi tu kama gunia. Unakuja, unakaa, unaulizwa. Mara nyingi huishia kwenye mbuzi. Mwita alikuwa amemleta mbuzi kabisa, amemfunga nyuma ya pikapu iliyobinua mkia, maskini mnyama amefika hawezi kusimama. Baba akamuuliza Nyangi anataka nini. Nyangi akasema mbuzi arudi na mwenyewe. Anataka springi zile zifunguliwe, hapa uani, na azifungue Mwita kwa mkono wake. Wazee walicheka. Halafu wakamtazama Nyangi usoni, wakaacha kucheka, wakasema ni haki.

Mnaojua mila mmeshaona uchungu wake. Mkwe mwanamume na mama mkwe hawaonani ovyo kwetu. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Sembuse mkwe kulala chali uani kwa mama mkwe, miguu nje, suruali imepanda magotini, mchana kweupe! Mama yetu alijifungia jikoni na moshi wake, anakohoa kwa makusudi kila mara ili ajulikane yupo na haoni. Mwita alikuwa anajikunja kila akisikia kikohozi.

Mimi nilikuwa nimeshaandaa pleti za Landrova ya zamani, nimezikata, nimezipinda baridi, fupi zaidi ya ndefu, nimezipanga kwenye gunia. Nikampa Mwita spana, patasi na nyundo, nikavuta kigoda. Sikumsaidia. Yu-bolti zinazobana springi kwenye ekseli zilikuwa na kutu, alizimiminia oili chafu, akavuta, akateleza, akachubuka vidole. Pale Kanda alipochomelea alipiga patasi mpaka jasho likamwingia machoni. Ana mikono laini yule bwana, ya kushika usukani na kupunga. Watoto wa jirani walipanda uzio kumtazama nami sikuwafukuza.

Nyangi alitoka ndani na mtoto, akakaa kwenye tairi la akiba karibu na miguu ya mumewe. Akanyonyesha. Alikaa hivyo muda mrefu, anasikiliza chuma kinavyogongwa. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Siku ile ulipofuata mawe, ulikuwa unajua kama mimi ni mzima au nimekufa?"

Chini ya gari spana ilinyamaza. Hata kikohozi cha jikoni kilinyamaza. Niliangalia vile viatu vya Mwita, visigino vimekaza udongoni, havisogei.

"Sikujua," alisema.

Nyangi akamhamisha mtoto titi la pili, akamfunika kichwa kwa kanga.

"Endelea kufungua," alisema.